Namba Iliyopanda

9 Februari

Mdogo wangu Dokta,

Salamu zikufikie huko uliko, zikukute mzima na umeshiba. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne linanyamaza na yeye anaanza kutusumbua sisi. Shemeji yako bado yuko na mafriji yake. Sebuleni mwangu sasa yamefika matatu, na hakuna hata moja linalogandisha maji. Mpwa wako amepanda darasa, amenipita kwa urefu, na ananitazama kwa juu kama mkaguzi.

Mimi niko pale pale kiwandani. Tumepata kazi ya kujalidi madaftari mia nne ya ofisi, nimeshona mpaka vidole vimeota sugu.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Huu ni mwaka wa pili nameza vidonge vya tezi, kimoja kila asubuhi, kile cha mikrogramu mia. Wiki iliyopita nilitolewa damu. Karatasi ya majibu nimepewa, lakini daktari wangu yuko likizo na tarehe niliyopangiwa ni baada ya wiki sita. Imeandikwa TSH, mbele yake 11.8. Pembeni, kwa herufi ndogo, wameweka 0.4 hadi 4.0. Mwaka jana ilikuwa 3.1. Kwa hiyo imepanda, tena imepanda haswa. Maana yake nini? Dawa imezidi, au imepungua? Nilimuuliza kijana wa dirishani maabara, akaniambia, "Mama, sisi tunapima, hatufasiri."

Mwili wenyewe naona umekuwa mzito. Nguo za mwaka jana hazifungi, na asubuhi nahisi baridi wenzangu wakijipepea.

Nikasema, nahangaika nini na mtu wa dirishani wakati nina wa kwangu? Mama kashamwambia jirani, "Mwanangu yuko kwenye madawa, tutamwandikia." Unamjua akishasema hivyo kidevu kinavyopanda.

Usipige simu kwa hili. Kwenye simu nasahau nusu ya maneno. Niandikie, nisome nirudie.

Dada yako.


27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia wote wazima. Msalimie Mama, mwambie goti alipake ile dawa niliyotuma, na vidonge vyake vya presha asisahau kuvimeza siku ile anayohisi kichwa kinagonga, kama nilivyomwelekeza. Shemeji mwambie akipata friji la nne mhamie nje muishi barazani.

Huku kazi ni nyingi. Watu hawakatiki dukani tangu tunafungua. Mfamasia wetu ni mama mkali kidogo, ila tunaheshimiana.

Sasa kuhusu kipimo chako, ondoa wasiwasi. Haya ni mambo tunayoyaona kila siku. Wewe mwenyewe umeshayasoma vizuri: mwisho ni 4.0, wewe uko 11.8. Maana yake homoni imejaa mwilini kuliko inavyotakiwa. Dawa imekuzidi. Kivunje kidonge katikati, uwe unameza nusu. Baada ya miezi mitatu pima tena, utaona namba imeshuka yenyewe. Huna haja ya kupoteza siku nzima kwenye foleni, daktari atakuambia hayo hayo.

Kunenepa na baridi ni umri tu, dada yangu. Usikasirike.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, na nisamehe kwa mwandiko huu wa kuku. Mkono umechoka.

Mama hajambo. Mpwa wako alikuwa wa tatu darasani. Shemeji yako ameuza friji moja, mteja akalirudisha siku ya pili, kwa hiyo bado ni matatu.

Nilifanya kama ulivyosema. Shemeji yako ndiye anayevunja vidonge, anavilaza kwenye ubao na kisu kidogo kama anapasua almasi. Nusu kila asubuhi, sijaruka hata siku moja.

Hali yangu siwezi kusema ni mbaya. Nachoka tu. Nalala saa mbili usiku, naamka saa moja asubuhi, na bado mwili unadai. Navaa sweta jua likiwaka. Uso asubuhi umevimba, macho yamejificha. Sauti nayo imekuwa nzito, mteja alipiga simu kiwandani nikapokea, akasema, "Samahani mzee, naomba niongee na yule mama wa majalada." Tulicheka siku nzima. Mama anasema nimekuwa mvivu. Nilimwachia chungu motoni mara mbili kikaungua, nimekaa pembeni yake nakitazama.

Kiwandani wamenipumzisha kwa muda. Kulitokea jambo dogo, lisikuumize kichwa.

Tarehe ya daktari ilipita. Sikwenda. Kwanza nilikuwa na hilo jambo, halafu nikasema, niende kufanya nini na mtu wangu keshanijibu.

Ninalouliza: nipunguze tena? Nimefikiria labda bado imezidi, ndiyo maana sipati nafuu. Robo inatosha? Nasubiri neno lako.

Dada yako.


11 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi mzima.

USIPUNGUZE. Rudi kwenye kidonge kizima kuanzia siku utakayosoma barua hii. Nimeuliza huku, wanasema wataalamu wamebadilisha mwongozo, na kwa watu wa umri wako sasa inaonekana kipimo kamili ndicho kizuri zaidi. Mambo ya tiba hubadilika, jana hivi, leo vile.

Pia nenda kwa daktari. Usisubiri tarehe. Mwambie una baridi, uvimbe na usingizi, mwambie kila ulichoniandikia. Hakuna haja ya kumweleza habari za kupunguza, watakuchanganya tu.

Hilo jambo dogo la kazini ni jambo gani?

Mdogo wako.


4 Juni

Dada,

Nimepiga simu mara tatu. Mara mbili shemeji kasema umelala. Mara ya tatu nikamwambia akuamshe, akasema, "Andika barua, shemeji. Yeye anapenda barua." Kisha akakata.

Barua yangu ya Mei ilifika? Unameza kidonge kizima? Umeenda hospitali?

Niandikie hata mstari mmoja. Au mpwa wangu aniandikie.

Mdogo wako.


30 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Mpwa wako pia. Shemeji yako hakusalimu, nami sitamlazimisha.

Nimerudi nyumbani juzi kutoka hospitali. Nilianguka jikoni tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tano, asubuhi. Wanasema mwili ulikuwa wa baridi kama uliotolewa kwenye friji, na kwa shemeji yako huo si mzaha, maana alinibeba. Mapigo ya moyo yalikuwa thelathini na nane. Siku nne za kwanza sizijui, nasimuliwa. Barua yako ya Mei ilikuwa imefika nyumbani siku moja kabla, haijafunguliwa. Niliisoma kitandani, na ya Juni ikanifuata huko huko.

TSH yangu walipoipima ilikuwa 74. Na ile homoni ya tezi yenyewe, wanayoiita T4, ilikuwa karibu haipo kabisa.

Nilimuuliza daktari, inakuwaje moja iko juu na nyingine chini? Ni mwanamke mdogo, mpole, ana haraka lakini hakuonyeshi. Akavuta kiti. "Kazini kwenu mna msimamizi?" Nikasema tunaye. "Mkilegea anafanya nini?" Nikasema anapiga kelele. "Na mkichapa kazi?" Ananyamaza, nikamwambia. Akasema, "Basi hiyo TSH ndiyo sauti ya msimamizi. Inatoka kichwani, inaiamrisha tezi. Tezi ikilegea, sauti inapanda. Namba ikiwa kubwa, homoni ni ndogo. Dawa ikitosha, msimamizi ananyamaza, namba inashuka. Ulipofika 11.8 mwili ulikuwa unalilia homoni, wewe ukaukatia nusu."

Nikaelewa pale pale. Mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa kwa dakika mbili.

Halafu akauliza, "Nani alikuambia upunguze?"

Nikasema, nilijiamulia mwenyewe.

Akanitazama kidogo, akaandika. Sasa liko kwenye faili langu kwamba mimi ni mgonjwa mkaidi.

Mdogo wangu, hakuna mwongozo uliobadilika. Nilimuuliza. Mwongozo ni ule ule tangu yuko chuoni.

Na lile jambo dogo la kazini nikuambie sasa. Ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa tatu. Nilikuwa kwenye ule mkasi mkubwa wa mkono, ule wa kukatia kingo za karatasi. Miaka kumi na tisa nimeushika, mkono wangu unajua wenyewe lini uondoke. Siku ile mkono ulijua, lakini ulichelewa. Kidole cha shahada cha kulia, mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Barua ya Aprili niliiandika kwa mkono wa kushoto. Hii naiandika kwa wa kulia, kalamu naibana na kidole cha kati, ndiyo maana herufi zinainama. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimebaki na tisa na nusu, chawa bado wajihadhari.

Nimecheka peke yangu hapo. Wewe najua hukucheka.

Sasa sikiliza, na mimi nina yangu, na nisipoyasema nitakuwa nakubebesha lawama zote peke yako.

La kwanza. Daktari aliniuliza nameza vipi dawa. Nikamwambia asubuhi, na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, vyote mkupuo mmoja, nimalize kazi. Akaweka kalamu chini. Kumbe chai ile na madini ya vidonge vile yanaikamata dawa tumboni isiingie. Inatakiwa maji matupu, tumbo tupu, ukae karibu saa nzima ndipo unywe chai, na vya kuongeza damu vingoje mchana. Nilielezwa haya siku ya kwanza nilipopewa dawa, miaka miwili iliyopita. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikaenda zangu kunywa chai. Huenda ile 11.8 ilitoka kwenye kikombe changu.

La pili ni zito zaidi. Miaka sita iliyopita chuo chako kilileta barua hapa nyumbani. Niliifungua mimi. Iliandikwa kwamba uliacha muhula wa pili, hukurudi kurudia mtihani. Nikaificha chini ya godoro Mama asiione. Mwisho wa mwaka ukaja nyumbani na koti jeupe mkononi, Mama akaita majirani, na mimi nikakuandalia chakula. Nilikutazama machoni. Uliangalia pembeni, nami nikaangalia pembeni.

Nilijua, mdogo wangu. Nilijua kwamba hujui, na bado nikakuuliza. Nilitaka uwe yule unayesema kuwa wewe ndiye. Nilikutwisha mzigo nikijua huna bega lake, kisha nikaubeba ulipoanguka, nikajiona mwema. Kitandani pale nimelifikiria sana hilo. Sijui nani kati yetu alianza kudanganya.

Lakini kidole ni changu.

Dada yako.


14 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kwenye stoo, nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Sina salamu ndefu. Mimi mzima, na naona aibu hata kuandika kwamba mimi mzima.

Nitakueleza yote kama yalivyokuwa.

Niliacha chuo kwa sababu nilifeli, si kwa sababu nyingine. Nilifeli somo la dawa zenyewe. Ningeweza kurudia mtihani, lakini nilikuwa nimeshawaambia nyumbani kwamba nimepita. Nikapata kazi dukani ya kupanga maboksi, kisha ya kaunta. Kazi yangu ni kupokea cheti cha daktari, kutafuta dawa kwenye rafu, kumpa mfamasia aandike maelekezo. Hapo ndipo inapoishia. Koti jeupe tunavaa wote, hata anayefagia.

Barua yako ya Februari ilipofika, mfamasia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Hatua tatu. Ningempa karatasi angenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Sikumpa, kwa sababu angesema, "Kwani wewe mwenyewe hukusoma haya?" Niliona afadhali nikisie. Namba kubwa, nikasema ni kubwa. Uliniandikia una baridi, unanenepa, nami nikakutania umri.

Nilijua nimekosea tarehe mbili ya Mei. Alikuja mzee mmoja na karatasi kama yako, TSH tisa na kitu. Akaniuliza, nikafungua mdomo nimwambie dawa imemzidi. Mfamasia akanivuta mkono wa koti, akamwambia yule mzee, "Baba, dawa yako haitoshi au huimezi vizuri, rudi kwa daktari akurekebishie." Akanigeukia: "Ulitaka kumwambia nini?" Nikasema, hilo hilo. Nikaenda chooni nikafunga mlango.

Siku tatu baadaye ikaja barua yako ya Aprili, unaniuliza kama robo inatosha.

Dada, niliijibu tarehe kumi na moja. Kulikuwa na siku sita hapo katikati. Niliandika barua nne. Tatu zilisema kweli, nikazichana. Uliyopata ni ya nne. Ningepiga simu jioni ile ile ya tarehe tano, nikasema maneno matano tu, "meza kidonge kizima, nenda hospitali," ungekuwa umeenda wiki mbili kabla ya kuanguka. Wakati wewe unapoa mwilini, mimi nilikuwa natafuta sentensi ambayo isingeniumbua. Kisha nikakuambia umfiche daktari. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Kukosea, hata mwenye cheti hukosea. Lile nililifanya nikiwa najua.

Kuhusu chai yako na barua ya chuo, usizitaje tena kana kwamba zinalingana na langu.

Nimemweleza mfamasia kila kitu. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza unaendeleaje, kisha akasema, "Mshukuru Mungu yuko hai. Kaunta usisogelee." Niko stoo sasa, nashusha maboksi. Amesema nikitaka kurudi kusoma, nianze mwanzo kabisa, kozi ya wasaidizi, Januari, na yeye ataniandikia barua. Sijamjibu.

Nimekaa nikaorodhesha kila mtu niliyewahi kumshauri kwa jina la udokta. Binamu, jirani, fundi viatu wa mtaani kwetu, na wengine. Nimewaandikia wote: mimi si mfamasia, niliyowaambia msiyafuate, nendeni hospitali. Mama nimemwandikia yake peke yake. Vidonge vya presha humezwa kila siku, si siku ya kichwa kugonga. Mpeleke kliniki, dada, nakuomba. Barua yake nimeiambatanisha hapa. Msomee wewe, au mpe aisome mwenyewe. Kila kitu kimo.

Na shemeji mwambie mimi ndiye niliyesema nusu. Asije akadhani ni kisu chake.

Nikiruhusiwa ningependa kuja. Ukisema hapana nitaelewa.

Mdogo wako.


6 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilikaa nayo muda mrefu. Haikuchelewa njiani, nilikuwa naichelewesha mwenyewe.

Mama alisoma yake kwa miwani ya mpwa wako. Siku ya tatu tunachambua mchele akauliza, "Kwa hiyo ni muuza duka?" Nikasema ndiyo. "Duka la nini?" La dawa. Akachambua kidogo. "Basi si nilisema yuko kwenye madawa?" Kisha akaingia ndani akalia, nilimsikia. Kliniki nimempeleka. Presha ilikuwa juu vibaya, sasa anameza kila siku na inashuka. Jirani hajaambiwa, hilo atalimaliza mwenyewe.

Shemeji yako nilimpa ujumbe wako. Alikuwa ameinama nyuma ya friji. Akasema, "Nilivivunja mimi," akaendelea kufunga skrubu. Naye anajihukumu kimya kimya, wala hakuniambia siku zote hizi. Zungumza naye ukifika. Usianze na pole. Anza na friji.

Mimi naamka saa kumi na mbili, nameza kidonge na maji ya bomba, nakaa kitako naitazama saa kama mfungwa. Ikifika saa moja nakunywa chai. Vya damu, mchana. Uso umerudi, sweta nimelikunja. Sauti bado inakwaruza kidogo. Kiwandani wamenirudisha mezani kwa ushonaji, mkasini hapana. Kushona bila ncha ya kidole kile ni kujifunza upya. Daftari moja lilinichukua siku nzima, nikalifumua, nikalishona tena.

Huniulizi kama nimekusamehe, na nashukuru hukuuliza. Kuna siku nimekusamehe. Kuna siku nashika sindano inaponyoka, na siku hiyo hapana. Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha.

Kozi ile nenda. Usifanye kwa ajili yangu wala ya Mama. Ila kama ni stoo unaipenda, baki stoo, useme ni stoo.

Nimepima damu tena wiki iliyopita, maana daktari alisema tangu dawa irekebishwe lazima zipite wiki kama nane ndipo namba iseme ukweli. Karatasi ninayo hapa mezani. Safari hii namba sikuandikii. Ijumaa ya tarehe ishirini nina miadi naye, saa tatu asubuhi. Yeye ndiye atakayesema kama kipimo cha dawa kinatosha au kinaongezwa.

Njoo Alhamisi. Ijumaa tutakwenda wote. Utaingia na mimi chumbani, utakaa kiti cha pembeni, utasikiliza. Yule daktari ana tabia ya kumuuliza kila anayemsindikiza mgonjwa, "Na wewe ni nani?"

Akikuuliza, mimi sitakujibia.

Dada yako.